Tangawizi ya shampuu ni mmea gani?

Ni ndugu wa karibu wa tangawizi tunayotwangia chai, na ukoo wao ni mmoja na iliki na manjano. Wataalamu huuita Zingiber zerumbet. Tunguu lake linanukia kama tangawizi, ila ukilitafuna utalitema: ni chungu.

Kinachoufanya upandwe bustanini ni kile ambacho wengi hukiita ua, na si ua. Ni kichwa cha magamba yaliyopandana, kimekaa juu ya kikonyo kinachochomoza peke yake ardhini, pembeni ya mabua yenye majani. Huanza kikiwa cha kijani, kisha kinaiva na kuwa chekundu. Maua yenyewe ni madogo, ya manjano hafifu. Huchungulia moja mawili kati ya magamba na hayakawii kunyauka.

Shampuu imo humo kwenye magamba. Kichwa kikishakuwa chekundu, kishike kiganjani ukikamue: hutoka ute usio na rangi, unaoteleza kama maji ya bamia, wenye harufu nzuri. Usitarajie povu la sabuni. Na kisuuze kwanza, kwani magamba hukinga maji ya mvua na sisimizi hupenda kujificha humo. Asili ya mmea ni Asia, lakini matumizi haya yamevuma zaidi kutoka Hawaii. Mababu wa Wahawaii waliubeba kwenye mitumbwi walipohamia visiwa hivyo, wakauita ʻawapuhi. Mbali na kupaka ute nywelani, walisaga tunguu kavu kunukishia kapa, nguo yao ya magome ya mti yaliyopondwa.

Kuupanda hakuna ugumu. Kata kipande cha tunguu chenye jicho, kifukie sentimita 5 hivi penye kivuli chepesi, kwenye udongo wenye mboji usiotuamisha maji. Mabua hufika mita 1 hadi 2.

Kasheshe huja baada ya maua. Majani hugeuka njano, mabua yanalala chini yote, na mwenye bustani anachukua jembe akidhani umekufa. Umelala tu. Chomeka kijiti cha alama na upunguze kabisa kumwagilia, maana tunguu lililolala kwenye tope huoza. Ukitaka kumgawia jirani, chimbua wakati huohuo, kabla mvua hazijaamsha macho.