Uzio wa Uani Huanza Kufa Chini: Yaangalie Haya Kabla ya Kununua Mbao

Uzio wa mbao ukilala baada ya masika, kagua mbao zake. Mara nyingi bado ni nzima, hata rangi ipo. Kilichokufa ni nguzo, nayo imekufa mahali pamoja tu: pale inapoingia ardhini. Chomeka bisibisi kwenye nguzo hiyo, vidole vichache chini ya usawa wa udongo, itazama bila kusukumwa. Ukienda chini zaidi kwenye shimo, mti unaweza kuwa mgumu bado, kwa sababu kuvu wanaoozesha mti wanahitaji unyevu na hewa kwa pamoja, na vitu hivyo viwili hukutana vizuri zaidi hapo juu.

Sisi tunaofundisha ujenzi na useremala tunaona wenye nyumba wengi wa Arusha na Moshi wakimaliza hela kwenye kile kinachoonekana, yaani mbao laini, vanishi na geti la kupendeza, halafu fundi anaambiwa mashimo "ya kawaida yanatosha". Hayatoshi.

Kabla ya shimo kuna mpaka. Kama kiwanja kimepimwa, tafuta mawe ya mpaka, yale mnayoyaita bikoni, kisha vuta uzi kutoka bikoni hadi bikoni. Jiwe likiwa limefukiwa au halionekani, usikadirie kwa kuangalia ukuta wa jirani, maana huenda naye alikadiria. Mwite mpimaji wa ardhi aliyesajiliwa. Kung'oa au kusogeza bikoni ni kosa kisheria, hata kama ni fundi wako aliyeligonga na sururu. Nguzo zikae ndani ya mstari, sentimita 15 hivi, ili zege la shimo lisivuke kwenda kwa mwenzako. Na jirani apewe taarifa mapema, uzi ukiwa umeshavutwa na yeye anauona kwa macho yake. Ukimwita wakati nguzo zimeshasimama, hapo umemwita kwenye kesi.

Huko juu kwenye vihamba, yaani mashamba ya ukoo ya Wachagga mlimani, mambo ni tofauti kidogo. Mpaka wa Uchagani ni masale, na sale ni mti wenye heshima yake, maana ndilo hilo hilo linalopelekwa kuombea msamaha. Usiling'oe ili kupisha nguzo. Wakae wazee wa pande zote mbili pamoja na uongozi wa kitongoji, mkubaliane, muandike, kisha uzio upite upande wako wa masale.

Ulizia pia kibali halmashauri, Jiji la Arusha au Manispaa ya Moshi, hata kama unaona ni mabanzi tu. Wenye uani unaoishia mtoni wawe waangalifu zaidi. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inalinda mita 60 kutoka kingo za mto, na miji yetu hii ina mito inayopita katikati ya makazi: Themi na Naura kwa Arusha, Karanga na Rau kwa Moshi.

Sasa maji. Arusha imekaa kusini mwa Mlima Meru, Moshi kusini mwa Kilimanjaro, kwa hiyo kwa sehemu kubwa maji ya mvua yanateremka kutoka kaskazini. Uzio unaokwenda kaskazini–kusini unatembea sambamba nayo. Ule unaokata mashariki–magharibi unasimama mbele yake, na huo ndio wa kuogopa. Ukiwa ukuta wa tofali bila matundu ya kupitishia maji chini, unakuwa bwawa. Maji yanajaa upande wa juu, yanalainisha msingi, na siku moja ya Aprili ukuta mzima unalalia migomba. Ukiwa wa mbao, acha nafasi ya sentimita 5 kati ya mbao ya chini na ardhi. Nafasi hiyo inapitisha maji na inamnyima mchwa daraja. Mchwa atapanda kwenye nguzo, ndiyo, lakini atalazimika kujenga njia yake ya udongo hadharani, nawe utaiona.

Kwa uzio wa sitara wa futi 6, karibu mita 1.8, nunua nguzo ya mita 2.4 hadi 2.7. Sentimita 60 ndani ya ardhi ndicho kiwango cha chini kabisa. Pale udongo ulipo tifutifu wa majivu ya volkano, au ule mweusi wa mfinyanzi wa tambarare unaovimba masika na kupasuka kiangazi, nenda hadi 75 au zaidi. Anza kwa kumwaga kokoto hadi kimo cha kiganja kilichosimamishwa, nguzo ikae juu ya kokoto, ndipo umwage zege. Ukimwaga zege hadi chini ya kitako cha nguzo, umetengeneza kikombe: maji yakiingia hayana pa kutokea. Juu, zege lipande kidogo kuliko udongo na literemke kutoka kwenye nguzo kwenda nje. Mwiko mmoja wa ziada wa zege unafanya kazi hiyo, na mafundi wengi wanauruka kwa sababu giza limeingia. Nguzo za pembeni na za geti zisimamishwe kwanza, zipimwe kwa pima maji pande mbili, uzi uvutwe kati yake, ndipo za katikati zifuate kwa nafasi ya mita 2 hadi 2.4.

Nguzo ipi? Mkaratusi uliotibiwa kwa dawa ndio chaguo letu la kwanza. Dawa haifiki moyoni mwa mti, inaishia sehemu ya nje, kwa hiyo ukikata nguzo kupunguza urefu, upande uliokatwa uende juu na ule usioguswa uingie ardhini. Vipande vinavyobaki msipikie. Dawa ile ya rangi ya kijani ina aseniki, na moshi wake ni sumu. Oili chafu ya gari, ambayo wengi huipaka kwenye mbao, haizami ndani sana na inachafua udongo. Kama pembeni kuna bustani ya mchicha au kisima, achana nayo kabisa.

Mbao za kuziba ni suala jepesi. Mabanzi ya msaiprasi au ya paini yanafaa, mradi yabanduliwe magome, kwani wadudu hujificha humo. Yakauke kwanza. Mbao mbichi ukizigongelea zikiwa zimebanana leo, kiangazi zitasinyaa na jirani atakuona ukifua. Wapo wanaozipanga kwa kupishana, moja upande huu wa boriti na nyingine upande wa pili. Mtu haoni ndani, lakini upepo unapita, na nguzo haisukumwi kama tanga. Misumari iwe ya kupakwa zinki.

Wenye bajeti ndogo na subira wanaweza kupanda uzio. Kaiapo na michongoma hufunga vizuri zikikatwa mara kwa mara. Minyaa inashika haraka na haihitaji maji mengi, ila utomvu wake ukiingia jichoni unaweza kuleta madhara makubwa, kwa hiyo penye watoto wadogo tungeshauri usiipande. Mche uwe angalau nusu mita ndani ya mpaka, maana mti haujui bikoni.

Kagua kila mwaka, Juni ndiyo nzuri, udongo ukiwa umeanza kukauka. Sukuma kila nguzo kwa bega, ondoa udongo na majani yaliyojikusanya kwenye shina lake, kisha chomeka bisibisi pale pale chini. Ikizama zaidi ya sentimita moja, badilisha nguzo hiyo kabla ya mvua za vuli.