Ukichomwa na sindano wodini, usikamue damu
Ujumbe huu haukomi kuzunguka kwenye magrupu ya wauguzi hapa Malindi: ukichomwa na sindano ya mgonjwa, kamua damu, mwagia klorini, umesalimika. Si kweli. Kukamua hakuondoi virusi, na klorini huunguza ngozi. Tunaiona damu ikitoka, tukadhani ugonjwa umetoka nayo.

Osha kwa sabuni na maji yanayotiririka, kisha ripoti papo hapo, hata kama zamu imekuelemea. Dawa za kuzuia VVU huanzwa mapema iwezekanavyo, kabla ya saa 72 kupita, na humezwa siku 28. Homa ya ini aina ya B huambukiza kwa urahisi zaidi, ila ina chanjo.

Jamani, msiusambaze ujumbe huo: unampotezea mwenzenu saa za dawa. Mwenye shaka amwombe msimamizi wa kuzuia maambukizi amwonyeshe mwongozo.