Je, wajua kwa nini Kilatini cha Afrika kiliitwa "uvimbe"?

Waliopita seminari ndogo za huku kwetu hadi leo wanaweza kukariri usingizini maumbo ya neno la Kilatini la "meza": mensa, mensa, mensam. Baada ya hapo zilifuata vita vya Kaisari, hotuba za Cicero na tenzi za Virgil. Ukitoka hapo unaamini Kilatini ni cha Wazungu, basi.

Lakini Terentius, aliyeandika tamthilia za kuchekesha katika karne ya 2 kabla ya Kristo, jina lake la tatu lilikuwa Afer, yaani Mwafrika. Apuleius, mwenye kile kisa cha kijana aliyegeuka punda, alitoka Madauros, Algeria ya leo, na mahakamani alisema haoni aibu kuwa nusu Mnumidia, nusu Mgaetulia, makabila ya Afrika Kaskazini ya kale. Mtakatifu Augustino naye alizaliwa Thagaste, Algeria hiyohiyo, mwaka 354.

Sasa walipotelea wapi? Wasomi wa Ulaya walimfanya Cicero kuwa kipimo cha Kilatini kizuri. Walipomkuta Apuleius na wenzake wakipenda madoido, maneno ya kale na sentensi zenye mwangwi, hawakusema huo ni mtindo wa zama zao. Walisema ni ugonjwa wa bara. Wakauita tumor Africus, uvimbe wa Kiafrika, na katika karne ya 19 wapo waliouandikia kwa uzito wote kana kwamba wanachunguza malaria. Baadaye ikaonekana kuwa mapenzi hayohayo ya maneno ya kale anayo mwandishi Aulus Gellius, aliyeishi Roma. Huyo hakuambiwa amevimba.

Kichekesho ni kwamba Wafaransa, baada ya kuivamia Algeria mwaka 1830, waliyatazama magofu ya Kirumi wakajiona warithi waliorudi kwao. Mwafrika akiandika Kilatini, ni mgonjwa. Kilatini chake kikifaa kuhalalisha kutwaa ardhi, kinakuwa mali ya mlowezi.

Ndiyo maana walimu wanaotaka kuung'oa ukoloni katika somo hili hawana haja ya kumtupa Virgil. Wanamsoma wakiwa wamesimama Carthage, mji uliokuwa karibu na Tunis ya leo. Katika utenzi wake, Aeneas, shujaa aliyeukimbia mji wa Troy, anapokewa na Dido, malkia wa Carthage, wanapendana, kisha Aeneas anamwacha Dido na kwenda Italia kwa sababu miungu imetaka Roma izaliwe. Dido anajiua. Kwa miaka mingi darasani swali lilikuwa: kitenzi hiki kiko katika njeo gani? Swali jingine halikuulizwa: mtoto wa Afrika alilisikiaje shairi hili?

Jibu lipo, tena kwa Kilatini. Augustino anasimulia katika kitabu chake, Maungamo, kwamba alipokuwa mwanafunzi alimlilia Dido. Anasimulia pia zoezi alilopewa: aseme kwa maneno yake hasira na uchungu wa Juno, mungu mke anayeipenda Carthage kuliko nchi zote, kwa kushindwa kumzuia Aeneas, yule mfalme wa Troy, asifike Italia. Carthage yenyewe Warumi walikuwa wameiteketeza mwaka 146 kabla ya Kristo, wakaijenga upya ikawa yao. Kijana akasimama mbele ya wenzake, akaitoa hasira ile yote kwa lugha ya washindi, na kupigiwa makofi kuliko wengi wa rika lake.