Je, wajua kwa nini kilo ulizopunguza hurudi, na zoea dogo huzizuiaje?

Wiki ya kwanza mizani inakuchekea. Umeacha soda, umepunguza sahani, umeruka kamba kila asubuhi, na siku ya saba kilo mbili zimeondoka. Wiki ya tatu mizani imegoma. Mwezi wa tatu kamba imelala juu ya kabati, na mwaka haujaisha suruali ile ile inakubana pale pale. Hapo mtu hujihukumu: mimi sina msimamo. Kamba ninayoisema ni yangu, na hukumu hiyo nimeshajipa zaidi ya mara moja. Ila ukijua kinachoendelea mwilini katika miezi hiyo mitatu, utaona msimamo umelaumiwa bure.

Tuanze na zile kilo mbili za mwanzo. Mwili huweka akiba ya haraka ya sukari kwenye ini na misuli. Akiba hiyo huitwa glikojeni, na kila gramu yake hukaa na takriban gramu 3 za maji. Ukipunguza chakula ghafla, akiba hiyo hutumika kwanza, na maji yake huenda nayo. Mizani haitofautishi maji na mafuta, kwa hiyo inakupa sifa ambazo bado hujazifanyia kazi. Mafuta yenyewe hayana haraka. Kilo moja ya mafuta ya mwilini ina takriban kalori 7,700. Anayekula kalori 500 pungufu ya anazotumia kila siku atahitaji siku 15 hivi kuimaliza, na hiyo ni hesabu ya karatasi tu, kwa sababu mwili nao hubana matumizi kadiri unavyopungua.

Na mafuta yakiisha huwa yamekwenda wapi? Wengi watakwambia yametoka kwa jasho. Mwaka 2014 watafiti wawili wa Australia, Ruben Meerman na Andrew Brown, walipiga hesabu ya atomi moja moja. Katika kila kilo 10 za mafuta zinazotumika mwilini, kilo 8.4 hutoka puani na mdomoni kama kaboni dioksidi, na kilo 1.6 zilizobaki hugeuka maji. Yaani unapungua kwa kupumua. Ndugu yangu unayekimbia juani ndani ya koti la nailoni ili "uyeyushe", unachopunguza ni maji, na utayarudisha kwenye glasi ya kwanza.

Sasa tuje kwenye ugomvi wenyewe. Mwili hauna habari kwamba unataka kupendeza au kushusha shinikizo la damu. Unachokiona ni akiba inapungua, na kwa vizazi vingi jambo hilo lilikuwa na maana moja: njaa imeingia. Kwa hiyo hujilinda. Seli za mafuta hutoa homoni iitwayo leptini, iliyogunduliwa mwaka 1994 na kundi la Jeffrey Friedman huko New York, na kazi yake ni kuuarifu ubongo kwamba ghala limejaa. Mafuta yakipungua, leptini hushuka, na ubongo huanza kutafuta chakula. Tumbo nalo hutoa grelini, homoni ya kuamsha njaa, na mtu akipungua uzito hiyo hupanda. Mwaka 2011 watafiti wa Melbourne walitoa matokeo ya watu 50 waliopunguzwa uzito kwa mlo mkali wa wiki 10. Mwaka mmoja baadaye, homoni zao za njaa na shibe zilikuwa bado hazijarudi zilipokuwa mwanzo, na wenyewe walikuwa bado wanasikia njaa kuliko kabla ya kuanza.

Mfano mkali zaidi ni wa zamani. Mwishoni mwa Vita vya Pili vya Dunia, Ancel Keys wa Chuo Kikuu cha Minnesota aliwachukua vijana 36 wenye afya, waliokuwa wamekataa kubeba silaha kwa sababu ya dhamiri, wakakubali kulishwa nusu tumbo kwa wiki 24 ili ijulikane namna ya kuwasaidia wenye njaa. Walipoteza takriban robo ya uzito wao. Mazungumzo yao yakawa chakula. Wengine walikusanya vitabu vya mapishi na kuvisoma kama hadithi, wakalamba sahani. Waliporuhusiwa kula watakavyo, walikula hata tumbo lilipokuwa limejaa, na mafuta yao ya mwilini yakarudi hadi kupita yalipokuwa. Hawa walikuwa vijana wa msimamo hasa, waliokataa vita mbele ya taifa zima. Kama msimamo ungekuwa dawa ya njaa, wao wangepona.

Njaa haichoki, nia huchoka. Anayetaka kilo zisirudi anahitaji kitu kisichotegemea nia, nacho ni mazoea. Kiswahili chenyewe kinatupa ufunguo hapa. Neno mazoezi limetoka kwenye zoeza, na kuzoeza ni kumfanya mtu azoee. Mazoezi, kwa asili ya neno, ni kazi ya kuuzoesha mwili, hata kabla hayajawa kazi ya kuutoa jasho. Tumelisahau hilo, ndiyo maana tunaanza na saa nzima ya kuhema, siku ya pili hatushuki ngazi.

Wahenga walisema mazoea yana taabu, na bisi zitakuonyesha kwa nini. Mwaka 2011 watafiti wa Marekani, David Neal na Wendy Wood wakiwa miongoni mwao, walitoa matokeo ya jaribio la kuwapa watu bisi katika ukumbi wa sinema. Baadhi walipewa za moto, baadhi walipewa zilizokaa wiki nzima. Waliozoea kula bisi kila waendapo sinema walizila zile chakavu kwa kiasi kile kile, huku wakikiri kwamba hazina ladha. Walipopewa bisi hizo hizo katika chumba cha mikutano, waliziacha. Na walipoambiwa wakae sinemani lakini wale kwa mkono wasiouzoea, ulimi ukaamka na bisi chakavu zikabaki. Kilichokuwa kinakula si njaa wala hamu. Kilikuwa kiti, giza na ule mkono unaojua njia.

Mimi jaribio hilo lilinifungua macho kuliko ushauri wote wa lishe. Lina maana kwamba zoea hukaa mahali, katika saa fulani, pembeni ya kitendo fulani. Ukitaka kuling'oa, gusa mahali. Ukitaka kulipanda, litafutie mahali. Kujiambia "kuanzia Jumatatu nitakula vizuri" ni mbegu isiyo na shamba. "Nikishabandika maji ya chai, nitainuka kwenye kiti mara 10" ni jambo jingine: lina saa, lina kifaa, na halihitaji kukumbukwa, maana maji ya chai yatabandikwa tu. Mwanasaikolojia Peter Gollwitzer amefanyia utafiti mipango ya namna hii, ya likitokea hili nitafanya lile, na huwa inashinda nia iliyoachwa hewani.

Itachukua muda gani? Zile siku 21 unazozisikia kila mahali zina historia ya ajabu kidogo. Mwaka 1960 daktari wa upasuaji wa sura, Maxwell Maltz, aliandika kwamba wagonjwa wake huhitaji angalau siku 21 hivi kuizoea sura mpya kwenye kioo. Neno "angalau" likadondoka njiani, na sura ikageuka tabia zote za binadamu. Phillippa Lally na wenzake wa London waliwafuatilia watu 96 kwa wiki 12, kila mmoja akiwa amechagua jambo lake dogo la kula, kunywa au kufanya zoezi. Kiwango cha kati kilikuwa siku 66, lakini tofauti zilikuwa kubwa: kutoka siku 18 hadi makadirio ya siku 254. Glasi ya maji ilizoeleka upesi, mazoezi yalichelewa. Na kuna jambo moja ningependa ulishike: kukosa siku moja hakukuharibu kitu. Siku iliyofuata zoea liliendelea kukomaa pale lilipoishia.

Basi turudi kwenye kiti. Chagua kisichoteleza, kikiegemea ukuta. Kaa ukingoni, miguu upana wa mabega, visigino vyote viwili chini. Inama mbele kidogo, sukuma sakafu, simama bila kushika popote. Kazi yenyewe iko kwenye kushuka: hesabu moja, mbili, tatu kabla makalio hayajagusa kiti, usijiachie kama gunia. Mara 10 zikishakuwa rahisi, gusa kiti bila kukaa. Pushapu nazo zianze ukutani, zishuke ukingo wa meza imara, ndipo zifike sakafuni. Hii haichukui dakika tano, na mwanzoni isichukue zaidi. Kamba yangu ilishindwa kwa sababu ambayo niliitambua baadaye sana: kila nilipotaka kuruka ilinibidi nisogeze meza kwanza.

Hapa niseme jambo ambalo wauza vifaa vya mazoezi hawalipendi. Kwa kupunguza kilo peke yake, mazoezi ni fundi mvivu. Mtu wa kilo 70 akitembea nusu saa hutumia kalori 120 hadi 150 hivi, na kopo moja la soda la mililita 330 linazirudisha kabla hajavua viatu. Kilo hupunguzwa zaidi na sahani. Kazi ya mazoezi huonekana baadaye, kwenye kuzizuia zisirudi, na kwenye kulinda misuli, kwa sababu anayejinyima bila kuitumia misuli huipoteza pamoja na mafuta. Marekani kuna daftari la kitaifa lililoanzishwa mwaka 1994 na Rena Wing na James Hill, linaloandikisha waliopunguza angalau kilo 13.6 na kukaa hivyo mwaka mmoja au zaidi. Wapo zaidi ya 10,000. Wengi wao husema wanafanya mazoezi kama saa moja kwa siku, hasa kutembea, na hujipima angalau mara moja kwa wiki. Wamejiandikisha wenyewe, kwa hiyo si kipimo cha kila mtu, lakini hakuna siri ya ajabu katika majibu yao. Shirika la Afya Duniani linapendekeza dakika 150 hadi 300 za mwendo wa wastani kwa wiki, na mazoezi ya nguvu siku mbili. Ukianzia kwenye kiti, hizo zitakuja zenyewe kidogo kidogo.

Upande wa sahani, usianze na daftari la kalori. Anza na kilicho karibu na mkono. Mwaka 2019 Kevin Hall na wenzake walichapisha utafiti wa watu 20 waliokaa kituoni kwao mwezi mzima: wiki mbili wakila vyakula vilivyosindikwa sana viwandani, wiki mbili vyakula vya kupikwa kutoka vitu halisi. Milo ilipangwa iwe na sukari, mafuta, chumvi na nyuzinyuzi sawasawa, na kila mtu aliruhusiwa kula hadi atosheke. Kwenye vile vya viwandani walikula takriban kalori 500 zaidi kwa siku, na walikula haraka zaidi. Hakuna aliyewaambia waongeze. Kwa hiyo biskuti iliyo mezani na biskuti iliyo dukani si biskuti moja. Ile ya dukani inadai viatu. Mboga zijaze nusu ya sahani na ziwe za kwanza kupakuliwa. Kila mlo uwe na protini, iwe maharage, yai, samaki au nyama, kwa kuwa protini hushibisha kuliko wanga au mafuta ya kalori hizo hizo. Vinywaji vyenye sukari viondoke kwanza, maana tumbo huvipokea bila kuhesabu shibe. Na ulale. Aliyekosa usingizi huamka na njaa ya kitu kitamu, hapo mipango yote ya jana huwa maneno.

Mizani nayo ina adabu yake. Uzito hupanda na kushuka kilo moja au mbili kwa sababu ya chumvi, maji na choo tu. Jipime saa ile ile, kabla ya kula, na utazame wastani wa wiki. Na usidharau kidogo: kupunguza asilimia 5 tu ya uzito, yaani kilo 4.5 kwa mtu wa kilo 90, hutosha kuanza kuonekana kwenye shinikizo la damu na sukari. Mwenye ugonjwa wa moyo, anayetumia dawa za kisukari, mjamzito, au aliyewahi kuugua maradhi ya ulaji aongee na daktari kwanza, kwani kwake hata kupunguza mlo kunaweza kuleta madhara.

Kinachoua mazoea mara nyingi ni safari, ugonjwa au kuhama nyumba. Nia iko pale pale, ila birika limebaki kwingine, na hakuna kinachokukumbusha. Ukifika ugenini tafuta siku hiyo hiyo jambo ambalo huko litafanyika kila siku, kupiga mswaki kwa mfano, ulifunge zoezi lako hapo. Ukirudi baada ya kuugua, usirudie pale ulipoachia. Inuka kwenye kiti mara tano badala ya kumi, wiki ya kwanza.