Matendo ya mwili tunayoyavumilia kanisani

Nafundisha Agano Jipya kwa wazee wa kanisa na wainjilisti. Kila darasa linapofika Wagalatia sura ya 5, naomba mmoja wao asome mstari wa 19 hadi wa 21 kwa sauti, bila haraka. Uasherati, uchafu, ufisadi: vichwa vinatikisika kukubali. Ibada ya sanamu, uchawi: wanakubali tena. Kisha inakuja uadui, ugomvi, wivu, hasira, fitina, faraka, uzushi, husuda, na hapo darasa linapoa. Ulevi na ulafi vinapotajwa mwishoni, watu wanapata nafuu.

Hesabu mwenyewe. Mambo yaliyotajwa ni 15, na 8 kati yake yanahusu namna watu wanavyokaa wao kwa wao. Na Paulo hakuyaweka kujaza nafasi. Kabla ya orodha, mstari wa 15, ameandika: “Lakini mkiumana na kulana, angalieni msije mkaangamizana.” Baada ya tunda la Roho, mstari wa 26, anarudi palepale: “Tusijisifu bure, tukichokozana na kuhusudiana.” Makanisa ya Galatia yalikuwa yameingiliwa na walimu waliodai kwamba mtu wa Mataifa hajakamilika bila tohara na sheria ya Musa. Watu wakaanza kupimana utakatifu, na palipo na kupimana hapakosi kuumana. Ndiyo maana katika 3:3 anawauliza, baada ya kuanza katika Roho, mnataka sasa kukamilishwa katika mwili? Jambo walilokuwa wakilikimbilia halikuwa baa wala danguro. Ilikuwa ibada. Kwa hiyo mwili anaousema Paulo si ngozi na damu hii, ambayo Mungu aliiumba na Kristo akaivaa. Ni mtu kwa ujumla wake, akijitegemea na kujitafutia yaliyo yake, hata akiwa amepiga magoti.

Sasa tazama tunavyoongoza makanisa yetu. Binti akipata mimba nje ya ndoa anatengwa, na siku ya kurudi kundini anasimama mbele ya usharika mzima. Mzee ambaye hajasalimiana na mwenzake tangu ugomvi wa fedha za mabati kwenye kamati ya ujenzi anaendelea kusaidia kwenye Meza ya Bwana, na wote tunajua. Sijawahi kumwona mtu aliyetengwa kwa sababu ya fitina. Sisemi uasherati uachwe. Paulo ameutaja wa kwanza. Nasema tumeikata orodha ya mtume vipande viwili, tukachukua kile kinachowagusa vijana na kukiacha kile kinachotugusa sisi wenye vyeo.

Wengine hupima maisha ya Roho kwa karama: nani ananena kwa lugha, nani ana upako, mkesha wa nani ulikuwa na moto. Korintho inatosha kujibu hilo. Kanisa lile halikupungukiwa na karama yoyote, ndivyo Paulo alivyowaandikia katika 1:7 ya waraka wa kwanza, na katika 3:3 anawaita watu wa tabia ya mwilini. Sababu anaitaja mwenyewe: husuda na fitina. Karama zao zilikuwa za kweli, na bado walikuwa watu wa mwilini. Kufunga na kujikatalia navyo vina mahali pake, lakini Wakolosai 2:23 inasema wazi kwamba kuutawala mwili kwa ukali hakufai kitu kwa kuzizuia tamaa za mwili. Mtu anaweza kumaliza mfungo wa siku nyingi akatoka amekonda na anawadharau wasiofunga.

Basi kuenenda kwa Roho kunafanyikaje? Ni saa nne usiku. Kwenye kundi la WhatsApp la kwaya mtu ameandika kwamba kuna wanaopenda kuonekana kuliko kumtumikia Mungu. Hakutaja jina, lakini wewe ndiye uliyeongoza wimbo Jumapili. Jibu umeshaliandika, na kila neno lake ni kweli. Hapo Roho anakuita umwambie Mungu yote yaliyomo moyoni: Bwana, nimechomwa, na ninachotaka ni huyu mtu aaibike mbele ya wenzake. Ukishalikiri hilo waziwazi, unalifuta lile jibu, na kesho unamfuata, ninyi wawili peke yenu, kama Bwana alivyoagiza katika Mathayo 18:15. Warumi 8:13 imeweka pande zote mbili pamoja: “mkiyafisha matendo ya mwili kwa Roho, mtaishi.” Kufisha ni kazi yenu, nguvu ni ya Roho. Anayengoja afutiwe ujumbe bila yeye kunyoosha kidole atangoja sana. Anayeufuta kwa kujikaza tu, keshokutwa atayasema yaleyale kwa jirani.

Afrika Mashariki tuliwahi kuliona jambo hili kwa upana. Mwaka 1929, kwenye kilima cha Namirembe, Kampala, Mganda Simeoni Nsibambi na daktari Mwingereza Joe Church, aliyekuwa mmisionari Gahini, Rwanda, walikaa pamoja wakichimba Maandiko na kuomba wajazwe Roho. Katika miaka ya 1930 uamsho uliwaka Gahini, ukafika Kabale, Uganda, mwaka 1935 na Kenya mwaka 1937, ukaingia pia Tanganyika. Ndugu wale walisema juu ya kutembea nuruni, kutoka 1 Yohana 1:7, nao walikuwa na maana ya vitendo: mtu alirudisha alichoiba, mume alimwomba mkewe msamaha, na mmisionari Mzungu alitubu kiburi chake mbele ya Waafrika, tena wakati wa ukoloni. Miaka ya 1950 huko Kenya wengi wao walikataa kiapo cha Mau Mau, na wapo waliokataa pia kushika silaha upande wa serikali. Wengine waliuawa. Lakini hata wao hawakusalimika. Baadaye ndugu wa Uganda waligawanyika, upande mmoja ukiona mwingine umepoa. Faraka iliingia kwa mlango uleule wa Galatia, mlango wa kutafuta utakatifu zaidi ya wenzako.

Swali ninaloulizwa sana, na kwa kawaida mtu huniuliza akiwa peke yake, ni hili: “Mwalimu, nimeokoka miaka mingi, mbona wivu bado unanipanda mwenzangu akibarikiwa?” Namsomea Wagalatia 5:17, kwamba mwili hushindana na Roho, na Roho na mwili. Paulo aliwaandikia hayo watu ambao tayari walikuwa na Roho. Kabla Roho hajaingia, wivu huo haukuwa na wa kuupinga, na huyu mtu wala asingekuja kuniuliza. Namwambia amtaje mwenzake kwa jina katika maombi ya kila siku, amwombee azidi kubarikiwa, hata kama siku za kwanza maneno yanakwama kooni. Na akialikwa kwenye ibada ya kushukuru kwa nyumba mpya, asitume salamu tu. Aende mapema, awasaidie kupika na kupanga viti.