Mafiga ya Burkitt

Nikijitambulisha kwa madaktari kuwa ninafundisha falsafa ya sayansi na tiba, huwa nalijua swali linalofuata: "Sasa mwalimu, wewe unatibu nini?" Sitibu kitu. Kazi yangu ni kumuuliza anayetibu ana maana gani akisema jambo fulani "husababisha" ugonjwa.

Nilianzia kwenye mantiki ya mwaka wa kwanza, ukumbi umefurika na nusu yao wanasinzia. Kisa cha Mulago, hospitali kubwa ya Kampala, Uganda, ndicho kilichonihamisha.

Mwaka 1957, Denis Burkitt, daktari wa upasuaji pale Mulago, aliitwa na mwenzake Hugh Trowell amtazame mtoto aliyevimba taya zote: juu na chini, kushoto na kulia. Jipu halikai hivyo. Muda si mrefu, akiwa hospitali ya Jinja, akachungulia dirishani na kumwona mtoto mwingine mwenye uvimbe uleule. Mwaka 1961 yeye na madaktari wawili wakapanda gari kuukuu wakazunguka kilomita zipatazo 16,000, hadi Afrika Kusini na kurudi, wakiuliza hospitali moja baada ya nyingine: huu mnauona? Ramani ikajichora yenyewe. Uvimbe ule, saratani ambayo leo inaitwa limfoma ya Burkitt, ulikuwa kwenye joto na mvua. Nyanda za juu zenye baridi haukuwepo.

Mwaka 1964 Epstein, Achong na Barr wakaona kirusi kwenye seli zilizotokana na vipande vya uvimbe vilivyosafirishwa kwa ndege kutoka Kampala. Wengi wangefunga faili hapo. Lakini kirusi hicho wanacho zaidi ya watu wazima tisa kati ya kumi duniani kote, na karibu wote hawaugui saratani hii! Miaka ya 1970, huko West Nile, kaskazini-magharibi mwa Uganda, ikachukuliwa damu ya watoto wapatao 42,000, wakafuatiliwa. Waliokuja kuugua walikuwa na kingamwili (askari wa mwili) nyingi dhidi ya kirusi hicho kabla ya kuugua. Kwa hiyo kina mkono. Ila mbona hapa kwetu zaidi? Ndipo malaria inapoingia: nayo hukaa kwenye joto na mvua.

Nilipokuwa nikihangaika na hili darasani, mwanafunzi mmoja wa udaktari akanikatiza: "Mwalimu, si mafiga tu? Jifya moja haliinjiki chungu." Kirusi, malaria, na kromosomu inayokatika na kuihamisha mahali pake jeni ya MYC, ile inayochochea seli kugawanyika. Miaka mingi sijapata jibu zuri kama lile, nami nilimwambia hivyo. Kisha nikamuuliza: Ulaya hakuna malaria, na mara nyingi uvimbe wenyewe hauna hata hicho kirusi. Chungu kimekaa juu ya nini?

Akanyamaza. Hapo nikamletea mwanafalsafa J. L. Mackie, aliyeandika mwaka 1965 kwamba tunachokiita sababu mara nyingi ni kipande kisichotosha peke yake, ila ndani ya fungu lake hakiondoleki. Na mafungu mengine yanaweza kuleta tokeo lilelile. Yaani mawe mengine, jiko jingine, ugali uleule.

Siku hizi nakaa pia kwenye kamati ya maadili ya utafiti. (Nilipoomba kupandishwa cheo, chuo kimoja kilishindwa kuamua makala zangu zihesabiwe idara gani, hadithi ndefu.) Maandiko ya kuomba kibali cha utafiti yanakuja yamejaa "husababisha" pale ambapo data inasema "huambatana na" tu. Kila "husababisha" ya namna hiyo naizungushia duara kwa penseli. Wiki iliyopita, andiko moja la kurasa ishirini, duara kumi na moja.