Gari lililorudishwa na gari lililobadilishwa

Huku Mtwara gari la zamani likishapigwa rangi na kutoka gereji likiwaka, basi "limerudishwa, orijino kabisa". Nimelisikia tena juzi likisemwa kuhusu Land Rover moja ya Chikongola. Madigadi yanang'aa, taa za LED, ringi pana, viti vya ngozi, na ukifungua boneti unakutana na injini ya Toyota. Gari zuri, nisiseme uongo. Mwenye nalo ni kijana aliyelihangaikia muda mrefu chini ya mwembe nyumbani kwao, na spana nyingi alizishika mwenyewe. Lakini halijarudishwa. Limebadilishwa, na hizo ni kazi mbili.

Kurudisha gari la kale ni kulitoa lilipofikia na kulipeleka tena katika hali inayojulikana liliyowahi kuwa nayo, mara nyingi ile liliyotoka nayo kiwandani, kwa spea, vifaa na mbinu zinazolingana na za wakati wake. Kutengeneza ni kulifanya litembee tu. Kubadilisha, au kumodifai kama wanavyosema vijana, ni kulipa kitu ambacho halikuwa nacho. Maana ndiyo hiyo. Kinachowashinda watu ni yale maneno "hali inayojulikana", maana wengi huanza kufungua nati kabla hawajajua gari lao lilikuwaje.

Tuchukue hiyo hiyo Land Rover, kwa kuwa magari haya yamezeekea kwenye mchanga na tope za Newala, Tandahimba na Liwale. Ilionyeshwa hadharani mara ya kwanza Amsterdam, Aprili 1948. Toleo la kwanza, Series I, lilitengenezwa hadi 1958, ikafuata Series II, halafu IIA kuanzia 1961, halafu III kuanzia 1971 hadi 1985. Kwa mpita njia zote ni boksi lile lile. Kwa anayerudisha, kila moja ina mambo yake. Za mwanzo taa kubwa zimebanana katikati kwenye grili. Mwishoni mwa miaka ya 1960 ndipo taa zikahamia kwenye madigadi. Series III ina grili ya plastiki na giaboksi yenye sinkro, kile kinacholinganisha mwendo wa gia ili ziingie bila kugongana, kwenye gia zote nne za mbele, wakati kwenye zilizoitangulia ukijaribu kurudi gia namba moja gari likiwa linatembea, meno yanapiga kelele mtaa mzima ukasikia. Za miaka ya 1950 hata betri imefungwa kinyume na tulivyozoea: upande wa chanya ndio unaokwenda kwenye chasisi. Fundi umeme asiyelijua hilo ataunguza redio mpya, kisha atailaumu redio.

Kwa hiyo ukikuta Series II yenye taa kwenye madigadi na grili ya plastiki, ujue umekuta mkusanyiko wa magari mawili au matatu. Linaweza kuwa imara na likakufikisha Masasi bila shida. Orijino silo.

Wanaoita rangi mpya "kurudisha" huwa hawajatazama chini. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia chuma kilikuwa cha mgao Uingereza, ndiyo maana bodi ya Land Rover ikafanywa kwa aloi ya alumini iliyoitwa Birmabright. Chasisi ni ya chuma, na ukuta unaotenganisha injini na dereva nao ni wa chuma. Sasa lete gari la namna hiyo pwani, lilaze usiku Shangani au Mikindani karibu na maji, miaka nenda rudi. Bodi itabaki na sura yake, huku chasisi inaliwa kutoka ndani, kwa sababu ni boksi lenye uwazi na tope la chumvi likishaingia halitoki kirahisi. Kipande cha nyuma kabisa, kile kinachobeba ndoano ya kuvutia tela, ni miongoni mwa vinavyotangulia kwenda. Juu linang'aa, chini unaweza kupenyeza bisibisi.

Ndiyo maana anayekwenda kutazama gari kama hili hubeba sumaku na nyundo ndogo. Sumaku ibandike kwenye madigadi. Haitakiwi kushika. Ikishika, kuna mtu aliondoa alumini akaweka bati, kwa sababu bati lilikuwa karibu na alumini ilikuwa ghali. Hapo kosa si la sura peke yake: bati lisilo na kinga likigusana na alumini kwenye unyevu wa chumvi, alumini ndiyo inayoliwa, inageuka unga mweupe na rangi inainuka kama malengelenge. Kiwandani walilijua hilo, ndiyo maana vipande vya chuma vilivyokaa ukingoni mwa bodi walivipaka zinki. Kisha gonga chasisi kwa nyundo, taratibu, mwanzo mpaka mwisho. Chuma kizima kinalia. Kilichooza kinatoa sauti butu, na mara nyingine magamba ya kutu yanaanguka kabla hujauliza bei.

Rangi inakuja mwisho, baada ya hayo yote, na hata yenyewe ina majira yake. Huku kusini mvua ni za msimu mmoja mrefu, karibu Desemba hadi Aprili. Ukipuliza rangi ya NC, ile inayokauka haraka, uani siku yenye unyevu mwingi, inakauka na ukungu mweupe juu yake. Fundi rangi mwenye uzoefu atakwambia usubiri kiangazi, na atakayekukubalia katikati ya mvua ana haraka na hela yako.

Msielewe kwamba kubadilisha ni dhambi. Injini ya petroli ya Land Rover nyingi za zamani ina ujazo wa 2,286 cc. 1HZ ya dizeli ya Toyota ina 4,164 cc, spea zake zinapatikana, mafundi wanaijua hata wakiwa wamefumba macho. Mtu anayebeba korosho kutoka shambani hadi ghala la chama cha msingi ana sababu ya kuitaka. Ila afahamu kwamba hiyo si kazi ya kuinua injini moja na kushusha nyingine. Nguvu ikiongezeka, shafti za ekseli ya nyuma ndizo zinazokatika kwanza, na kwenye Series zilikuwa dhaifu hata kwa injini yake. Rejeta haitoshi tena. Breki za dramu zilizopimwa kwa gari la mwendo wa pole zinatakiwa kusimamisha gari lenye papara. Aliyebadilisha injini akaacha breki kama zilivyo hajamaliza kumodifai. Ameishia pale palipomfurahisha. Mikanda ya usalama nayo ni mabadiliko, kwa kuwa magari mengi ya miaka hiyo hayakuja nayo, na mimi ningeifunga kabla sijawaza chochote kuhusu ringi.

Mstari kati ya kurudisha na kubadilisha si mnyoofu kila mahali. Wakati wa mradi wa karanga wa Waingereza, ule ulioanza 1947 na kuachwa 1951, ambao Nachingwea ilikuwa moja ya vituo vyake, kulikuwa na upungufu mkubwa wa matrekta mapya duniani. Kampuni ya Vickers ikachukua sehemu za vifaru vya Sherman vilivyobaki vitani ikaunda matrekta, yakaitwa Shervick, yakaletwa Tanganyika kung'oa visiki. Tuseme leo umeopoa moja kwenye vichaka. Utalirudisha kuwa nini? Ukiling'arisha na kulifungia mzinga kama kifaru, utakuwa umefuta sura yake pekee iliyolipa jina. Litarudi kuwa trekta, kwa sababu mabadiliko yale ndiyo historia yake. Ndivyo ilivyo pia kwa Land Rover iliyotolewa kiwandani ikiwa pikapu, kisha miaka ya 1970 ikachomelewa mabenchi na turubai ili ibebe abiria. Anayerudisha anaweza kuchagua kuyabakiza mabenchi yale, mradi aseme amerudisha gari la abiria la miaka ile, asidai ni sura ya kiwandani.

Wazo hilo halikuzaliwa gereji. Limetoka kwenye majengo. Mwaka 1964 wataalamu wa majengo ya kale waliandika Mkataba wa Venice kuhusu namna ya kutunza kilichojengwa na waliotutangulia: usikisie, heshimu kila zama zilizoacha alama, na unachoongeza kionekane kuwa umeongeza. Karibu nusu karne baadaye FIVA, shirikisho la kimataifa la magari ya kale lililoanzishwa 1966, likaufuata mfano huo na kuandika Mkataba wa Turin kwa ajili ya magari. Kwa mtu wa Lindi hili halipaswi kuwa geni. Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yamo kwenye orodha ya Urithi wa Dunia tangu 1981, yakawekwa kwenye orodha ya yaliyo hatarini 2004, yakaondolewa humo 2014 baada ya kazi ya kuyaimarisha. Hakuna aliyeezeka Husuni Kubwa, jumba la masultani pale Kilwa, kwa bati la rangi akasema ameirudisha. Kwenye gari tunakubali mambo ya namna hiyo kila wiki.

Mkataba huo wa magari unatoa neno jingine ambalo huku karibu halitumiki: kuhifadhi. Kuna gari ambalo halihitaji kurudishwa kabisa. Rangi yake ya kwanza imefifia lakini ipo, kiti kimechanika pembeni, jina la wilaya lililoandikwa kwa brashi mlangoni bado linasomeka. Hilo unazuia kutu, unatibu chasisi, unafanya breki zishike, basi. Ukilikwangua lote mpaka alumini na kulipaka upya, umefuta kitu ambacho hela haiwezi kukinunua tena. Kwa maoni yangu magari mengi ya kusini yaliyosalia mazima yangestahili hilo, kuliko rangi ya kijani inayomeremeta.

Na kwa kuwa tumefika kwenye maneno, "vinteji" nayo inatumika ovyo. Klabu ya Waingereza iliyoanzishwa 1934 kwa ajili ya magari ya namna hiyo haiiti vinteji gari lililotengenezwa baada ya mwisho wa 1930. Kwa kipimo chao hakuna Land Rover hata moja iliyo vinteji. FIVA wenyewe wanataka gari liwe na angalau miaka 30, lakini pia lisiwe la kutumika kila siku, sharti ambalo naona liliandikwa na watu wenye gari la pili. Gari la 1972 linalopanda Makonde kila Jumatatu na mzigo lina historia kuliko linalolala chini ya shuka.

Anayefanya kazi hii nyumbani, kwa njia yoyote aliyochagua, afanye mambo machache ya kulinda jina la kazi yake. Apige picha kabla ya kufungua waya hata mmoja. Injini aliyoitoa aipake grisi na kuiweka pembeni, asiiuze kwa kilo. Pale anapoweza kufunga kwa bolti asichomelee, ili anayekuja baada yake aweze kurudi nyuma. Na akumbuke kwamba kadi ya gari inabeba namba ya chasisi, namba ya injini na rangi. Injini ikibadilika, TRA wanatakiwa wajulishwe, vinginevyo siku ya kuuza maelezo yatakuwa marefu.

Siku hiyo ya kuuza, kusema kweli hakupunguzi chochote. "Series III, chasisi yake, injini ya Toyota, bodi imenyooshwa na kupigwa rangi" ni tangazo zuri, na mnunuzi anayejua gari atalipenda kuliko "orijino kabisa". Akiuliza kama limerudishwa, mjibu kwa kipande: chasisi na umeme ndiyo, injini hapana, viti hapana. Gari moja linaweza kurudishwa nusu na kubadilishwa nusu, na kulisema hivyo ni sahihi.